Umetuma, Hujalipa: Tafakuri juu ya Maarifa ya Pamoja katika Duka la Gerezani

1.0 Utangulizi

Makala haya yanatokana na kosa la mwandishi wake. Kosa lenyewe lilitendeka Gerezani, jijini Dar es Salaam, mbele ya kaunta ya duka la vipuri vya magari, nalo lilihusu maana ya kitenzi kimoja cha Kiswahili ambacho mwandishi, baada ya miaka mingi ya kufundisha isimu, alidhani anakifahamu. Kitenzi hicho ni -lipa.

Madhumuni ya makala ni kutumia kisa hicho kulifafanua suala ambalo wataalamu wa kompyuta wamelishughulikia tangu miaka ya 1970: je, pande mbili zilizo mbalimbali, zinazowasiliana kwa ujumbe unaoweza kupotea njiani, zinawezaje kulijua jambo kwa pamoja na kutenda kwa pamoja? Suala hili huhesabiwa kuwa la wahandisi na wanahisabati. Tunakusudia kuonyesha kwamba ni letu pia, kwa sababu lugha ya watu wanaofanya biashara kila siku imekwisha kulitafakari, na tena kwa makini kuliko baadhi yetu.

2.0 Kisa

Gerezani imepakana na Kariakoo. Msomaji anayelifahamu jiji ataikumbuka kwa maduka ya vipuri, kwa nyundo za mafundi wa mabati, na kwa kituo cha mwisho cha mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kutoa huduma mwaka 2016. Nilifika huko Jumamosi moja alasiri kwa haja ya haraka. Lori la mdogo wangu, lililobeba matenga ya nyanya kutoka Ilula, mkoani Iringa, lilikuwa limeharibika pampu ya maji karibu na Chalinze. Mdogo wangu alikuwa kando ya barabara na utingo wake, juani, akinipigia simu kila baada ya robo saa. Kazi yangu ilikuwa kununua pampu, kuipeleka Mbezi na kumkabidhi kondakta wa basi liendalo bara.

Pampu ilipatikana kwa shilingi 180,000. Sikuwa na fedha taslimu, na muuzaji, kijana wa makamo ya watoto wangu, alinipa namba yake ya simu. Nikatuma. Utaratibu huu hauna ugeni wowote kwetu. Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya mwaka 2007, Vodacom ikaileta Tanzania mwaka 2008, na makampuni mengine yakafuata. Leo ni vigumu kuikuta barabara ya Kariakoo isiyokuwa na wakala. Mtumaji huandika namba, kiasi na namba yake ya siri. Kisha kila upande hupokea ujumbe wa uthibitisho.

Siku ile ujumbe haukuja, kwangu wala kwake. Tulingoja. Baada ya dakika kumi hivi nilituma mara ya pili, nikiamini kwamba ya kwanza imepotea. Kimya kikaendelea. Wakala wa jirani naye alisema mtandao wake unasumbua. Simu ya mdogo wangu ikalia tena. Hapo ndipo nilipomwambia kijana yule, kwa sauti iliyosikika duka la pili, kwamba nimekwisha kulipa na kwamba anipe mzigo wangu. Akajibu kwa upole:

"Mzee wangu, umetuma, hujalipa."

Nilimjibu neno ambalo sitaliandika hapa. Inatosha kusema kwamba lilikuwa neno la kumwita mtu mwizi, na kwamba wateja wengine walilisikia. Nikaondoka bila pampu, nikapanda basi la kwenda Kimara.

Nilipokaribia Kimara ujumbe mmoja uliingia katika simu yangu: shilingi 180,000 zimepokelewa. Nikaona nimeshinda. Kabla sijateremka simu ikalia. Alikuwa yule kijana.

"Mzee wangu, zimeingia mbili. Moja nimekurudishia sasa hivi. Pampu nimekuwekea, rudi uichukue."

Uthibitisho wa muamala wa pili haukuwa umenifikia, wala haukunifikia baadaye. Kwa ujuzi niliokuwa nao wakati ule, fedha zilizotoka kwangu ni za mara moja tu. Kijana alijua jambo nisilolijua, na alikuwa na kila sababu ya kukisia kwamba silijui. Nilirudi Gerezani, pampu ilifika Chalinze usiku, lori likalala njiani, na matenga kadhaa ya nyanya yakaharibika. Hasara ile ilihesabika. Deni langu kwa kijana halikuhesabika, na makala haya ni sehemu ya jitihada ya kulielewa.

3.0 Majenerali wawili

Wataalamu huzungumzia mifumo ya kompyuta iliyotawanyika: mashine nyingi, kila moja na kumbukumbu yake na saa yake, bila jicho moja linaloziona zote kwa mara moja. Njia pekee ya mashine moja kuijua hali ya nyingine ni kupokea ujumbe. Leslie Lamport (1978) alionyesha kwamba katika mfumo wa namna hiyo hata swali la tukio lipi lilitangulia haliwezi daima kujibiwa kwa kutazama saa; linaloweza kujibiwa ni tukio lipi liliweza kuliathiri jingine kupitia mfuatano wa ujumbe.

Mfano mashuhuri wa tatizo letu ulijadiliwa na Akkoyunlu, Ekanadham na Huber (1975), na Jim Gray (1978) akaupa sura ya majenerali wawili. Majeshi mawili yamepiga kambi juu ya vilima viwili. Adui yuko bondeni. Wakishambulia pamoja watashinda, na yeyote atakayeshambulia peke yake ataangamia. Mawasiliano yao ni ya mjumbe anayelazimika kupita bondeni, ambako anaweza kukamatwa. Wahenga walisema mjumbe hauawi, lakini hawakuahidi kwamba atafika.

Jenerali wa kwanza anatuma: "Tushambulie alfajiri." Hawezi kushambulia mpaka ajue kwamba ujumbe umefika. Wa pili anajibu: "Nimepata." Sasa ni yeye asiyejua kama jibu lake limefika, na anafahamu kwamba mwenzake hatatoka bila jibu hilo. Kwa hiyo anahitaji jibu la jibu, na mwenzake atahitaji jibu la hilo pia. Je, idadi fulani ya majibu itatosha? Tuseme upo utaratibu unaofaulu, na tuchukue ule wenye ujumbe mchache kuliko wote. Ujumbe wake wa mwisho unaweza kupotea. Aliyeutuma hatajua kwamba umepotea, hivyo atashambulia. Na kwa kuwa utaratibu unafaulu, mwenzake naye lazima ashambulie hata asipoupata. Basi ujumbe huo haukuhitajika, na upo utaratibu mfupi zaidi, kinyume cha tulivyodhani. Tukiendelea hivyo tutafikia mahali ambapo majenerali wanakubaliana bila ujumbe wowote, jambo ambalo ni muhali.

Joseph Halpern na Yoram Moses, katika makala waliyoiwasilisha mwaka 1984 na kuichapisha kwa ukamilifu mwaka 1990, walieleza kinachokosekana kwa majenerali hao. Walitofautisha ngazi za kujua. Ngazi ya kwanza ni kila mmoja kujua jambo. Ya pili ni kila mmoja kujua kwamba kila mmoja anajua. Ngazi huendelea bila kikomo, na zote zikitimia kwa pamoja ndipo panapokuwa na kile tutakachokiita hapa *maarifa ya pamoja*. Kila ujumbe unaofika humpandisha mtu ngazi moja tu. Pale ambapo ujumbe unaweza kupotea, maarifa ya pamoja juu ya jambo jipya hayapatikani kwa kutumiana ujumbe, hata ukiwa mwingi kiasi gani. Na pasipo maarifa ya pamoja hakuna kutenda pamoja kwa uhakika.

Dhana hii haikuzaliwa katika maabara ya kompyuta. Jaakko Hintikka (1962) alikuwa amekwisha kuunda mantiki ya vitenzi vya kujua na kuamini, na David Lewis (1969) alikuwa ameieleza mila yoyote ya jamii, ikiwa ni pamoja na lugha, kuwa inasimama juu ya maarifa ya pamoja. Mwanaisimu hana udhuru wa kuiona kuwa ngeni.

4.0 Kimya na namba

Tukirudi dukani, kimya changu kilikuwa na maana tatu zisizotofautika. Yawezekana ombi langu halikufika kwenye mtambo. Yawezekana lilifika, fedha zikahamishwa, na majibu ndiyo yaliyopotea. Yawezekana pia kwamba kila kitu kilikuwa njiani, kikichelewa. Kwa mtu aliyeshika simu hali zote tatu zina sura moja. Ugumu huu si wa mitandao mibovu pekee. Fischer, Lynch na Paterson (1985) walithibitisha kwamba, pale ambapo ucheleweshaji wa ujumbe hauna mpaka, hakuna utaratibu usiotumia bahati nasibu unaoweza kuhakikisha kwamba mashine zitafikia uamuzi mmoja ikiwa hata moja tu kati yake inaweza kuzimika. Kiini cha ugumu ni kwamba mashine iliyokufa na mashine inayochelewa hazitofautiki kwa anayengoja.

Mtu aliye katika kimya cha namna hiyo ana njia mbili, kungoja au kurudia. Kurudia kuna hatari yake: kama la kwanza lilifika, la pili litakuwa tendo jipya. Dawa inayojulikana ni kuipa kila nia namba yake, ili mpokeaji akiona namba aliyokwisha kuishughulikia asiitende tena bali arudie jibu lilelile. Mashine yenyewe inaporudia ombi kwa niaba yetu inaweza kufanya hivyo. Mimi niliporudia kwa mkono wangu, mtambo ulipokea maombi mawili yenye namba mbili, na hapakuwa na njia ya kutambua kwamba ndani ya kichwa changu nia ilikuwa moja. Aliyelitambua hilo ni kijana wa dukani, kwa kuwa alikuwa na kitu ambacho mtambo haukuwa nacho: aliniona nikinunua pampu moja.

Lipo jambo jingine. Fedha za simu hazitegemei wahusika wawili kujua kwa wakati mmoja. Uamuzi hufanyika mahali pamoja, katika daftari la mtambo mkuu. Sisi wenye simu tunaarifiwa baadaye, tukiarifiwa. Hivyo inawezekana kabisa kwamba nilipokuwa nikipaza sauti nilikuwa tayari nimelipa, hata mara mbili, na kwamba kati yetu hakuna aliyejua. Kwa upande wa ukweli wa daftari, huenda nilikuwa sahihi. Kwa upande wa maarifa, sikuwa na haki ya kusema nilichosema. Kijana alikuwa na haki ya kusema alichosema, kwani alitaja tu kile ambacho sote wawili tulikiona: umetuma.

5.0 Vitenzi vya muamala

Sasa tuitazame lugha yenyewe. Katika maduka ya Gerezani muamala mmoja hupita katika kauli nne:

(1) Nimetuma.
(2) Imeingia.
(3) Nimeiona.
(4) Tumemalizana.

Tuangalie viambishi vya nafsi. Katika (1) msemaji ni mtumaji, naye anadai tendo lake tu. Katika (2) kiima ni fedha. Hakuna mtu anayewajibika. Katika (3) msemaji ni mpokeaji, na kitenzi ni cha kuona, si cha kupokea, anatoa ushahidi. Ni katika (4) peke yake ambapo tunapata *tu-* ya watu wawili pamoja na kiambishi cha kutendana, *-an-*. Mpaka (4) itamkwe, biashara haijaisha. Ni ngazi zilezile za Halpern na Moses, zimepangwa na watu waliozihitaji.

Kitenzi -lipa hakimo katika orodha hii, na nadhani si kwa bahati. Kisarufi kinamruhusu mlipaji kusema "nimelipa" kana kwamba tendo ni lake peke yake, kama "nimekula". Kimaana kinadai kitu kwa upande wa pili. Kijana alikataa kuniruhusu nivuke kutoka (1) hadi (4) kwa kutumia kitenzi kinachoficha ngazi za katikati.

Kauli ya kutendana inastahili kuangaliwa zaidi. Sarufi zetu hufundisha kwamba "A na B wanajuana" ni sawa na "A anamjua B na B anamjua A". Ufafanuzi huo hautoshi. Mtu wa Kariakoo anapomwambia mwenzake "tunajuana", mara nyingi kwa onyo, hasemi kwamba ujuzi upo pande mbili. Anasema kwamba ujuzi huo uko wazi baina yao, na hakuna anayeweza kujifanya hajui kwamba mwenzake anajua. Vivyo hivyo, "kupatana" kunatokana na -pata: kila mmoja amempata mwenzake. Nadiriki kupendekeza kwamba katika vitenzi vya kujua, kuelewa na kuamini, *-an-* hubeba mara nyingi maarifa ya pamoja, na kwamba watafiti vijana wangefanya vema kuchunguza mipaka ya dai hili kwa data za lahaja mbalimbali.

Hali kadhalika, desturi ya hodi. Mgeni hupiga hodi na kungoja, asipojibiwa hurudia, baada ya hodi ya tatu, ustaarabu unamtaka aondoke. Hajui kama hawapo, hawasikii, au hawataki kumpokea. Desturi haimwondolei shaka hiyo. Inamwelekeza tu la kufanya akiwa nayo, na kwa kuwa kila mtu anaijua desturi, kuondoka kwake hakumvunjii mtu heshima. Hiyo ndiyo kazi ya itifaki yoyote iliyo nzuri, ya watu au ya mashine.

6.0 Milango iliyofungwa

Msomaji anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya watu wawili na pampu moja. Kariakoo ilitupatia mfano mpana zaidi. Jumatatu, tarehe 15 Mei 2023, wafanyabiashara wengi wa Kariakoo hawakufungua maduka yao, kwa malalamiko kuhusu kodi na namna ya kuikusanya. Tarehe 17 Mei Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, alikutana nao katika viwanja vya Mnazi Mmoja. Mgomo mwingine ulianza tarehe 24 Juni 2024, na safari hiyo ukafika katika miji mingine pia.

Sikusudii hapa kupima uzito wa malalamiko. Ninachokitazama ni umbo la uamuzi wa mwenye duka mmoja mmoja. Akifunga peke yake atapoteza wateja na kujianika. Wakifunga wote, sauti yao itasikika. Yeye ni jenerali juu ya kilima, na wenzake si mmoja bali ni maelfu. Ujumbe wa simu unaweza kumwambia kwamba wenzake nao wametumiwa. Hauwezi kumwambia kwamba wameuamini, wala kwamba wanaamini kuwa yeye ameuamini.

Kinachobadilisha hali ni mtaa wenyewe. Alfajiri watu husimama nje ya maduka yao, katika barabara zilezile nyembamba, wakiitazama milango. Kila anayeuona mlango uliofungwa anaonekana akiuona. Wataalamu wanalifahamu jambo hili: tangazo la hadhara, linalosikika kwa wote mahali pamoja, huzalisha kwa mara moja maarifa ambayo ujumbe elfu wa faragha hauwezi kuyazalisha, hata kama tangazo lenyewe halina jipya kwa msikilizaji yeyote. Kila mwenye duka alijua tangu zamani kwamba yeye hakuridhika, na alikisia kwamba wenzake hawakuridhika. Mlango uliofungwa hadharani haukuongeza habari hiyo. Uliiweka baina yao.

Tunaweza sasa kueleza kwa usahihi zaidi kile alichofanya kijana wa Gerezani aliponipigia simu. Fedha za ziada zilikuwa habari ya faragha, naye angeweza kuiacha hivyo. Alichagua kuitamka. Simu yake haikunipa tu shilingi 180,000. Iliitoa habari kwenye upande wake na kuiweka baina yetu. Na alifanya hivyo kwa mtu aliyekuwa amemtukana saa moja kabla, tena naye kwa tangazo la hadhara.

7.0 Hitimisho

Nadharia tuliyoipitia ina hukumu kali: penye ujumbe unaoweza kupotea, uhakika wa pamoja haupatikani. Hata hivyo benki zinahesabu, simu zinalipa, na Kariakoo inauza. Maelezo yake ni kwamba mifumo iliyo hai haingoji uhakika huo. Huamua mapema daftari lipi ndilo la mwisho, nani angoje, mara ngapi arudie, na hasara ya shaka ibebwe na nani. Dukani, kosa langu halikuwa kukosa uhakika, kwani sote tuliukosa. Kosa langu lilikuwa kumtaka kijana aibebe shaka yangu kwa mali yake, na kumtukana alipokataa.

Usiku uleule, nilipoichukua pampu, duka lilikuwa linafungwa na yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kwenda. Nilipewa na msaidizi wake. Nikamwandikia ujumbe wa kuomba radhi. Haukujibiwa. Nilifikiri kuutuma tena, nikakumbuka sehemu ya nne ya makala haya, ambayo ilikuwa bado haijaandikwa lakini ilikuwa imekwisha kunigharimu. Sikujua kama ujumbe umefika, kama umesomwa, au kama umesomwa na kukataliwa. Zaidi ya hayo, tusi lilikuwa limesikika na watu, na radhi ya faragha isingelifuta mbele yao.

Jumatatu nilikwenda. Dukani walikuwepo wateja watatu. Nilisema niliyopaswa kuyasema kwa sauti ileile niliyoitumia Jumamosi. Kijana alinyamaza kidogo, akaniambia nikae, akamaliza kumhudumia mteja aliyekuwa mbele yangu. Kisha akauliza kama gari limepona. Nikamjibu kwamba limepona, na kwamba nyanya kadhaa ziliharibika. Akasema pole. Nilipoinuka kuaga nilimuuliza kama aliupata ujumbe wangu wa Jumamosi usiku. Akaitoa simu, akatafuta, akatikisa kichwa.

"Haujaingia, mzee wangu," akasema. "Lakini tumemalizana."